Meza yangu ilinidanganya miaka minne: uzi wa wabunifu wa bidhaa tunaofanyia kazi nyumbani

Penseli HB (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Nikimwambia mtu mimi ni mbunifu wa bidhaa na nafanyia kazi nyumbani, swali la kwanza ni "bidhaa gani?" na la pili ni la meza. Skrini ya inchi ngapi, kiti gani, unaamka saa ngapi. Nimejibu watu inboksi mpaka vidole vimeota sugu, kwa hiyo namwaga yote hapa, kila mtu aokote lake. Uzi ni mrefu. Mwenye haraka aruke mpaka kwenye simu yenye ufa.

Tuelewane kwanza. Bidhaa zangu ni za kidijitali: programu za simu na tovuti. Sichongi viti. Kazi yangu ni kuamua mtu akifungua programu anaona nini, anabonyeza wapi, na akikosea anarudi vipi. Wenzangu wa bidhaa za kushika mkononi najua mmo humu, mtanisahihisha nikipotoka.

Nilipohamishia kazi nyumbani nilitengeneza meza kama zile za kwenye picha. Skrini ya inchi 27 katikati, laptopu juu ya stendi, pazia zito dirishani ili mwanga usipige kioo, taa moja ya manjano kwenye kona, nyaya zote zimefichwa. Nilipapenda pale. Na kwa miaka minne, kila nilichokichora pale kilionekana kizuri.

Halafu tukapeleka fomu ya usajili kwa watu watano waijaribu. Kwa nini watano? Jakob Nielsen, mtaalamu wa urahisi wa kutumia programu na tovuti, aliandika mwaka 2000 kwamba idadi hiyo inatosha kufichua sehemu kubwa ya matatizo ya matumizi, na wengi wetu tumelichukua hilo kama amri. Mtu wa kwanza nilikaa naye nje, kwenye benchi, jua la saa 6 mchana. Akaipokea simu, akaikinga kwa kiganja, akaligeuzia jua mgongo, akainamisha kichwa. Kisha akaniuliza kwa upole kabisa: "Hapa pameandikwa kitu?"

Pameandikwa, ndiyo. Palikuwa na maelezo ya mistari mitatu, kwa rangi ya kijivu niliyoihangaikia siku nzima. Kijivu cha ukungu juu ya nyeupe. Niliporudi na kukipima, uwiano wa mng'ao kati yake na nyeupe haukufika hata 3 kwa 1, na WCAG, mwongozo wa kufanya tovuti zitumike na kila mtu, unataka angalau 4.5 kwa 1 kwa maandishi ya kawaida. Kinachoniuma ni kwamba namba hiyo naijua! Nimeshawahi kumfundisha mtu. Lakini ndani ya chumba chenye giza, mbele ya skrini kubwa inayong'aa, jicho liliniapia kwamba kijivu kile kinasomeka. Jicho lilikuwa shahidi wa uongo, na aliyelihonga ni chumba.

Mtu wa tatu akafuta kila alichojaza. "Hifadhi" ilikuwa juu, "Futa" chini yake, zimebanana kama abiria. Kwangu mezani nilikuwa nabonyeza kwa kipanya, na ncha ya kipanya ni sindano. Kidole gumba ni kiazi. Ndiyo maana Apple wanashauri eneo la kubonyeza lisipungue pointi 44 kila upande, na Google upande wa Android wanasema dp 48 (pointi na dp ni vipimo vya ukubwa kwenye skrini). Hilo nalo nilikuwa nalijua.

Basi ndipo nilipoelewa kwamba meza yangu yote, kuanzia pazia hadi kipanya, ilikuwa imepangwa inipe raha mimi, na kila raha ilikuwa inanificha jambo moja kuhusu mtu atakayetumia kitu changu. Yote nitakayoyaeleza chini yametoka kwenye aibu ile.

Meza ilivyo sasa

Pazia nililitoa wiki ileile. Meza nimeigeuza, dirisha liko ubavuni: likiwa mbele linanipofusha, likiwa nyuma linajitazama kwenye kioo. Taa ya manjano imehamia chumba cha kulala. Ya kazini ni nyeupe, kati ya kelvini 5000 na 6500 (kipimo cha rangi ya mwanga: ikishuka ni manjano, ikipanda ni bluu), kwa sababu nyeupe ya skrini nyingi imepangwa kwenye kelvini 6500. Ukikaa chini ya balbu ya kelvini 2700, jicho linazoea umanjano, skrini inaanza kuonekana ya bluu, nawe unaanza kuongeza joto kwenye rangi bila kujijua. Kwenye kasha la balbu tazama pia kipimo cha CRI. Ikiwa 90 kwenda juu, rangi za vitu hazipotoki sana.

Ya mgongo nayapita haraka, maana kila mtu anayajua na hakuna anayeyafuata. Ukingo wa juu wa skrini usawa wa macho au chini kidogo, umbali wa mkono ulionyooshwa, nyayo zote mbili chini, na kila dakika 20 tazama kitu kilicho mbali mita 6 hivi kwa sekunde 20. Kiti changu ni cha kawaida. Nilichoongeza ni kigoda cha miguu, basi.

Sasa simu. Nina tatu na zote hulala mezani, upande wa kulia, mahali ambapo watu wengine huweka mmea.

Ya kwanza ni mpya, hiyo haina hadithi. Ya pili ni nzee, ndogo, ina ufa kutoka kona hadi kona, hifadhi yake imejaa makusudi na saizi ya maandishi nimeipandisha hadi mwisho. Hii ndiyo bosi wangu. Hakuna ninachokiita kimeisha kabla hakijapita humo. Ya tatu nimeizima rangi, inaonyesha kijivu tupu. Kwa watu wenye asili ya kaskazini mwa Ulaya, karibu wanaume 8 katika kila 100 wana shida ya kutofautisha rangi, hasa nyekundu na kijani. Kuzima rangi hakukuonyeshi wanachokiona wao, ila kunakuumbua pale ulipotegemea rangi peke yake kusema "umekosea" au "imekubali".

Na kuna kiti cha pili. Kiko upande mwingine wa chumba, mbele yake ukuta, na kompyuta haifiki huko. Waya wa chaji niliukata urefu kimakusudi (sawa, niliununua mfupi). Pale nina karatasi za A4, penseli, selotepu na makapeni nyeusi. Kazi yote ya kufikiri iko pale.

Naikunja A4 mara tatu, nikiifungua napata vyumba vinane. Dakika nane, mchoro mmoja kila dakika. Ni zoezi lililoenezwa na watu wa Google Ventures, wala sikulibuni mimi. Ninachoweza kuongeza ni uzoefu: michoro mitatu ya kwanza huwa ni vitu ulivyoviona kwa wengine. Wa nne na wa tano unachora huku unajichukia. Wa sita ni upuuzi mtupu. Wa saba mara nyingi ni mtoto wa ule upuuzi, na ndiye ninayemlea.

Siku inavyokwenda

Sina habari za kuamka saa 10 alfajiri. Saa 2 asubuhi naketi kiti cha pili, natoa kikadi, naandika swali moja la siku kwa sentensi moja yenye mtu ndani yake. Siandiki "kuboresha ukurasa wa kuingia". Naandika: "Mtu aliyesahau nenosiri, na ile namba ya simu hanayo tena, anarudi vipi kwenye akaunti yake?" Kikadi kinabandikwa chini ya skrini. Nikishindwa kuiandika sentensi, Figma, programu ninayochorea, haifunguliwi. Namtafuta mwenye jibu kwanza. Kuna asubuhi nimemaliza saa nzima kwenye simu na mhandisi bila kuchora mstari, na ndizo asubuhi zilizookoa wiki.

Saa 3 hadi saa 6 nachora, arifa zote zimezimwa. Baada ya hapo natembea dakika 40 bila simu. Kuna utafiti wa Chuo Kikuu cha Stanford wa mwaka 2014 ulioonyesha kwamba watu wakitembea hutoa mawazo mengi mapya kuliko wakikaa, hata wakitembea juu ya mashine wakitazama ukuta. Mimi nilikuwa natembea kabla yake, kwa sababu mgongo uliniuma.

Mchana ni vikao, mrejesho, kuandika maelezo kwa wahandisi. Sina la kusema juu ya vikao. Saa 10 jioni nazichukua simu zote tatu natoka nazo nje, nasimama juani, natumia nilichochora kwa mkono mmoja, mkono wa pili nimebeba kitu. Jirani ameshazoea.

Kabla ya kufunga, kila kilichokataliwa nakihamishia kwenye ukurasa mmoja ndani ya faili. Unaitwa Makaburini. Kila kaburi lina mstari mmoja: kilikufa lini na kwa nini. Mtu akija miezi sita baadaye na wazo "jipya", nampeleka akasome jiwe la kaburi.

Karibuni, mniponde.

---

Kiti cha Plastiki

Uzi wa meza bila picha ya meza? Mkuu, unatuchezea.

---

Kuku Mgeni

Shikamoo wakuu. Mimi ndio naanza, nina miezi mitano tangu nimalize kujifunza. Mnazungumzia dirisha liwe ubavuni, wenzenu tunakaa chumba kimoja, meza ndiyo kitanda, laptopu moja na simu moja. Nianzie wapi ili nisije kuwa na hiyo aibu?

---

Penseli HB

Marahaba, Kuku Mgeni. Wewe una bahati ambayo hujaijua: skrini yako ndogo haikudanganyi sana.

Anza na sanduku. Boksi la viatu linatosha. Weka ndani karatasi, penseli, vikadi, selotepu. Asubuhi unalifungua, jioni unalifunga na kulisukuma uvunguni. Mwenye chumba kimoja taabu yake kubwa ni kwamba kazi haina mlango, kwa hiyo mfuniko wa boksi ndio mlango wako. Ukuta pia unaupata: chukua kadibodi mbili, ziunge kwa selotepu katikati zifunge kama kitabu, bandika michoro ndani. Ukimaliza, nyuma ya mlango.

Simu ya pili usinunue. Waombe watu wa nyumbani simu zao dakika kumi, hasa mwenye simu kongwe kuliko wote.

---

Nyundo na Misumari

Umetuita, tumekuja. Mimi ni wa vitu vya kushika: taa, vyombo, zana ndogo za mkono. Meza yako inadanganya, Penseli? Yangu inakata vidole.

Nakubaliana na hoja yako, ila uongo wa skrini kwetu ni mbaya zaidi. Kwenye skrini hakuna kitu kizito. Unakizungusha kwa kidole, unakivuta kiwe kikubwa, unakipa kivuli kizuri, unasahau kwamba kuna mtu atakibeba. Niliwahi kuchora tochi. Kitufe nilikiweka ubavuni, kilikaa vizuri sana kwenye mchoro, mteja akapiga makofi. Nikatengeneza mfano wa kadibodi wa kipimo halisi, nikajaza mchanga mpaka ukafika uzito wa betri, nikazima taa na kuuokota sakafuni. Kila nikiushika, kiganja chenyewe kinakibonyeza kitufe. Tochi ingekuwa inawaka na kuzimika kama kimulimuli. Na mimi nilikuwa nimeichora mchana, nikiitazama! Nani anatafuta tochi mchana?

Kwa hiyo kanuni yangu: siku ya kwanza ya kazi yoyote hakuna kompyuta. Kadibodi, gundi ya moto, kisu, sponji ngumu. Kipimo halisi, uzito halisi. Mfano wa kwanza uwe mbaya kiasi kwamba hutaona huruma kuukanyaga. Mvumbuzi Mwingereza James Dyson alifikisha mifano 5,127 kabla mashine yake ya kufyonza vumbi isiyo na mfuko haijamridhisha, na sidhani kama wa kwanza aliupaka rangi.

Jambo moja sikubaliani nawe: kiti cha pili chumba kilekile. Kwetu haiwezekani. Vumbi la msasa na mvuke wa gundi haviwezi kulala na mtu. Ukipiga msasa vaa barakoa inayoziba vizuri, na kama huna chumba cha pili fanyia nje. Charles na Ray Eames, wabunifu mume na mke, nyumba yao ya mwaka 1949 kule Pacific Palisades, California, waliigawa majengo mawili, la kuishi na la studio, uwanja katikati. Watu wanaipenda kwa vioo na rangi zake. Mimi nauonea wivu ule uwanja.

---

Penseli HB

Hiyo ya tochi gizani nimeichukua, nitaidai kuwa yangu nikiwa mbali na wewe.

---

Bundi

Mie naomba kutofautiana. Hizi ratiba za saa 2 asubuhi mnatuchosha. Kuna watu ubongo unawaka saa 4 usiku. Nimefanya kazi usiku miaka sita, nyumba imetulia, hakuna anayenitafuta, nachora mpaka saa 8. Mkileta habari za asubuhi mnatufanya tuonekane wavivu kumbe tunalala mkiamka.

---

Penseli HB

Mkuu Bundi, saa sina ugomvi nazo. Hoja yangu ni yale masaa matatu yasiyokatwakatwa, uyapate lini ni juu yako. Ila nikuulize: rangi unazichagua usiku huohuo?

---

Bundi

Hahaha. Sawa, umenishika. Nitakiri.

Kompyuta yangu ina kile kichujio cha usiku kinachopunguza mwanga wa bluu. Huwa kinajiwasha chenyewe. Usiku mmoja nikachagua rangi ya mandharinyuma, nikaona nyeupe safi, tulivu, nikatuma, nikalala kama mtoto. Nimeamka nakuta ujumbe wa mteja: "Mbona programu yote imekuwa ya samawati kama wodi?" Nilikuwa nimeongeza bluu ili kufidia bluu aliyokula kichujio. Toka siku hiyo usiku nachora kwa nyeusi na nyeupe tu, mipangilio na mtiririko. Rangi naziacha hadi mchana, na kichujio nimekiua.

Kwa hiyo hata bundi meza inamdanganya. Nimekaa.

---

Mama Pacha

Nimesoma kimya tangu juzi, nimeona niseme.

Kaka Penseli, ratiba yako nzuri lakini inanukia mtu asiye na watoto wadogo. Masaa matatu bila kukatwa mimi sijayaona tangu wanangu wazaliwe. Nina vipande. Dakika 15 hapa, 25 pale, wakilala mchana dakika 50 kama Mungu amependa. Mwanzoni nililia. Nilijaribu njia zote, pamoja na ile ya Pomodoro ya Francesco Cirillo ya kazi dakika 25 na pumziko dakika 5, nikagundua kwamba saa ya kengele wanangu hawaitambui.

Nilichofanya nikaacha kupanga muda, nikapanga kazi. Kila jambo nalivunja mpaka liwe na ukubwa wa kumalizwa kwa kikao kimoja kifupi, naliandika kwenye kikadi: "chora hali ya intaneti kukatika", "andika maneno ya kosa la namba". Vikadi viko kwenye bakuli. Nikipata nafasi nachukua kimoja. Nikiitwa katikati, kabla sijainuka naandika nyuma ya kikadi neno moja la nilipofikia. Neno moja tu, hata kama mtu analia. Nikirudi sianzi kutafuta kichwa changu.

Sasa sikia nilichojifunza. Nilikuwa nasanifu fomu ndefu ya maombi, kurasa saba. Wenzangu wote kwenye timu waliijaza kwa mkupuo mmoja, wakasema iko safi. Mimi niliijaribu kwenye simu, nikaitwa ukurasa wa nne, nimerudi baada ya nusu saa, imenitoa na imefuta kila kitu. Nikajaribu tena, nikaitwa tena. Nikasema hapana, hii fomu itajazwa na watu kama mimi, siyo kama nyie. Tukaifanya ihifadhi kila ukurasa yenyewe, na mtu akirudi imkaribishe palepale alipoachia, imwoneshe bado kurasa ngapi. Wahandisi walinung'unika kazi imeongezeka. Baada ya kutoka, malalamiko ya "nimepoteza majibu yangu" yaliisha.

Unasema meza yako ilikuwa inakudanganya kwa sababu ina raha. Yangu haina raha, kaka. Na ndiyo maana inasema kweli.

---

Penseli HB

Dada, nimesoma mara mbili na nimenyamaza kidogo kabla ya kujibu.

Mimi nilikwenda kutengeneza shida za bandia: ufa wa simu, jua, mkono mmoja. Ya kukatizwa sikuwahi kuiweka kwa sababu niliihesabu kuwa adui wa kazi, sikuona kwamba ni hali ya mtumiaji. Nimeenda kuangalia programu niliyoisanifu mwaka jana. Ukipokea simu katikati ya hatua ya tatu, inakurudisha mwanzo. Mwaka mzima.

Kuanzia kesho saa 10 jioni nikiwa nje nitaweka kengele ilie ovyo, ikilia naifunga programu popote nilipo.

---

Nyundo na Misumari

Na lile neno moja nyuma ya kikadi, mama, ni dhahabu. Mimi huwa nabandika kipande cha selotepu juu ya kazi niliyoiachia njiani, nachora mshale: "hapa". Bila hivyo asubuhi nasimama mbele ya meza kama mgeni.

---

Herufi Nono

Wakuu mmeongea yote lakini hamjagusa akili mnemba. Siku hizi unaandika sentensi mbili inakuletea skrini ishirini zimekamilika. Kuna haja gani ya kukunja A4 na kuchora viboksi?

---

Penseli HB

Naitumia, sifichi. Ila baada ya vyumba vinane, kamwe siyo kabla. Nikianza nayo, inanipa kile kilichozoeleka kwenye maelfu ya programu, na kinakuja kimevaa suti: vivuli, ikoni, picha za watu wanaotabasamu. Kitu kilichovaa suti ni vigumu kukikatalia. Kiboksi cha penseli nakifuta bila majuto. Kwa maneno ya makosa na majina ya majaribio ya kujazia fomu, hapo inanisaidia sana. Majina hasa: inanipa marefu, mafupi, yenye kistari katikati, naona mpangilio unapasuka wapi.

---

Herufi Nono

Sawa, ila utafika mahali karatasi itakuchelewesha na wenzako wametuma.

---

Bundi

Wametuma kijivu cha ukungu.

---

Herufi Nono

Hahaha, nimekubali. Ngoja niwaulize na la maandishi basi, maana ndiyo fani yangu. Mnapanga kurasa kwa maneno ya kujazia yasiyo na maana au kwa maneno halisi?

---

Penseli HB

Halisi, toka siku ya kwanza, hata kama ni mabaya. Maneno ya kujazia yana tabia ya kutosha kila mahali kwa sababu ukikosa nafasi unayapunguza. Sentensi ya kweli haipunguziki hivyo. Na Kiswahili chetu kinaunganisha: neno moja kama "hakijathibitishwa" linakula kitufe kizima kilichochorwa kwa kupima neno fupi la lugha nyingine. Pandisha saizi ya maandishi kwenye simu yenye ufa uone neno linavyokatika katikati.

---

Mama Pacha

Nami naongeza: yasome kwa sauti. Mimi huwasomea wanangu maneno ya kosa. Wakicheka, nayaandika upya.

---

Kuku Mgeni

Wakuu nimerudi na mrejesho. Nimefanya ya sanduku, ya kadibodi pia. Leo nikamwomba mama simu yake. Ni ndogo, ya siku nyingi, na maandishi ameyakuza kwa sababu ya macho. Nikafungua ile programu ninayoiweka kwenye kazi zangu za kuombea ajira, ile niliyokaa siku tatu nikichagua kivuli cha kitufe cha "Endelea".

Kitufe hakipo.

Ukigusa sehemu ya kuandika jina, kibodi inapanda inakifunika chote, na ukurasa hausogei. Mama akanirudishia simu akasema, "Nimeandika jina. Sasa?"

---

Penseli HB

Chukua karatasi, ikunje mara tatu.

---

Kiti cha Plastiki

Na picha ya meza?

---

Penseli HB

Leo imejaa makadi na mchanga wa Nyundo, nimejaribu ile ya uzito. Nikifagia nitaiweka.

---

Kiti cha Plastiki

Usifagie, piga hivyohivyo.